Testosteroni: hiyo "-steroni" imetoka wapi, na ni kweli "testi" ni shahidi?

Mhariri_Faharasa

Habari za humu wakuu. Swali langu liko mpakani kati ya kemia na lugha, kwa hiyo wajuzi wa pande zote mbili naomba mnisaidie.

Naandaa faharasa ya istilahi za homoni. Kila neno linatakiwa liwe na asili yake kwa mistari miwili au mitatu, basi. Nimekwama kwenye "testosteroni", maana maelezo yanayozunguka ni matatu na hayapatani:

Moja: ni Kilatini testis, "shahidi", kwa sababu Warumi walipokula kiapo walishika korodani.
Mbili: ni "test" ya jaribio, kwa kuwa kitu chenyewe kilipatikana maabara.
Tatu: ni "testo" + "steroidi" + "oni", na hiyo "oni" ni mkia wa neno "homoni".

Naomba kujua neno likatwe wapi, nani alilitunga na mwaka gani, na hiyo "-oni" ni kitu gani hasa. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba kuna kortisoni na kuna kortisoli, kuna estroni na kuna estradioli. Je, ni tofauti ya tahajia tu au ni vitu viwili?

---

kaboni_19

Ya tatu imekaribia, ila imekosea mara mbili. Kata hivi: test + o + ster + on. Irabu "i" ya mwisho ni yetu Waswahili.

"Test" ni testis, korodani kwa Kilatini. "O" ni gundi tu, haina maana yoyote. "Ster" imetoka kwenye sterol. "On" ni ketoni, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili huku pande zake zote mbili kukiwa na kaboni nyingine. Homoni haihusiki hapo.

Steroidi haiwezi kuwemo, na sababu ni ya kalenda: neno "steroidi" lilipendekezwa na Callow na Young wa Uingereza mwaka 1936. Testosteroni lilikuwa limeshachapishwa mwaka uliotangulia.

Waliolitunga ni kundi la Ernst Laqueur kule Amsterdam: David, Dingemanse, Freud na Laqueur mwenyewe. Makala yao ya 1935 iliandikwa kwa Kijerumani na jina jipya liko kwenye kichwa cha habari, ndani ya mabano. Kichwa hicho kinasema, kwa kufupisha, kwamba hii ni homoni ya kiume ya fuwele kutoka kwenye korodani, na ina nguvu kuliko androsteroni inayopatikana kwenye mkojo au inayotengenezwa kutokana na kolesteroli. Walianza na kilo 100 za korodani za mafahali wakaishia na miligramu 10. Hiyo ni sehemu moja katika milioni kumi.

Kisome tena hicho kichwa cha habari, maana etimolojia yote imo humo. Androsteroni ilikuwepo tayari. Butenandt na Tscherning waliitoa mwaka 1931 kwenye lita 15,000 za mkojo wa wanaume, wakapata miligramu 15. Jina hilo lilijengwa na Kigiriki andros ("ya mwanamume"), ster na on. Watu wa Amsterdam hawakuketi kuunda neno kuanzia mwanzo. Waliuchukua mkia "-steron" ukiwa tayari, wakaondoa "andro" wakaweka "testo", ili msomaji ajue kwamba chao hakikutoka mkojoni, kimetoka korodanini kwenyewe. Kwa hiyo "testo" inataja chanzo cha malighafi. Haisemi kitu hicho kinafanya nini mwilini.

Sasa "ster", ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Katika miaka ya 1810 Mfaransa Chevreul aliita kitu kinachopatikana kwenye vijiwe vya nyongo *cholestérine*: kholē ni nyongo, stereos ni kigumu. Ilipokuja kuthibitika kwamba kitu hicho ni alkoholi, mkia ukabadilishwa ukawa "-ol", ndiyo kolesteroli. Wanakemia wakakata kichwa (nyongo) wakabaki na "sterol" kama jina la ukoo mzima. Butenandt alipoandika "ster" mwaka 1931 hakuwa anamaanisha kigumu tena, alimaanisha "wa ukoo wa kolesteroli". Na hakukosea: mwaka 1934 Ruzicka aliitengeneza androsteroni akianzia upande wa kolesteroli. Butenandt na Ruzicka ndio waliogawana Nobel ya kemia ya 1939.

Kwa hiyo ukitafsiri neno kipande kwa kipande unapata "ketoni ya kigumu ya korodani". Usiiandike hivyo kwenye faharasa, lakini ndivyo lilivyo. Na ndiyo, huyo stereos ndiye yule yule wa "stereo" ya muziki: sauti yenye umbo, isiyo bapa.

---

Jabali_la_Lugha

Kaboni amemaliza upande wa kemia, niongeze kuhusu shahidi kwa sababu hilo dai halifi.

Kilatini kina testis mbili zinazoandikwa sawasawa. Moja ni shahidi. Asili yake inafafanuliwa kama muungano wa "tatu" na "simama": wawili wanagombana, wa tatu kasimama kando anaona. Ya pili ni korodani. Kama hizo mbili ni neno moja lililotanua maana au ni maneno mawili yaliyogongana, wataalamu wa Kilatini hawajakubaliana. Wapo wanaosema ni sitiari, "mashahidi wa uanaume". Wapo wanaosema Warumi waliiga Wagiriki, ambao viungo hivyo waliviita parastatai, "wasimamao kando". Wengine wanakwenda kwenye testa, chungu au kigae. Waandishi wa vichekesho wa Kirumi walishaufanyia utani ufanano huo, kwa hiyo mchezo wa maneno ni wa zamani kweli. Lakini mchezo wa maneno si ushahidi wa asili.

Habari ya kushika korodani wakati wa kiapo ni kitu kingine. Hakuna mwandishi wa Kirumi anayeieleza desturi hiyo. Kinachopatikana ni Mwanzo sura ya 24, mtumishi wa Ibrahimu anapoambiwa aweke mkono chini ya paja la bwana wake na kuapa. Hao ni Waebrania, na lugha yao haina testis. Mtu fulani aliunganisha hayo mawili na wengine wakabeba.

"Test" ya jaribio nayo ina baba tofauti: testum, chombo cha udongo ambacho mafundi wa madini walichomea dhahabu na fedha kupima usafi wake. Kutoka chombo likawa tendo la kupima.

Kwenye faharasa andika "Kilatini testis, korodani" kisha nyamaza. Wale wa Amsterdam walichukua neno la anatomia kama lilivyokuwa kwenye vitabu vya udaktari, na kilichotokea Roma miaka elfu mbili kabla yao hakikuwahusu. Ukiweka "shahidi" kwenye mabano, msomaji ataikumbuka hiyo na kusahau yaliyobaki.

---

Mhariri_Faharasa

Asanteni sana, imefunguka. Basi niulize na jirani yake: projesteroni. Nimejaribu kuikata kwa kanuni ya kaboni_19 ikagoma. Nikitoa "steroni" inabaki "proje", ambayo si kitu. Nikitoa "projest" inabaki "eroni", nayo si kitu.

---

kaboni_19

Imegoma kwa sababu "st" inatumika mara mbili. Ni maneno mawili yaliyobanwa pamoja.

Corner na Allen, Marekani, ndio walioonyesha kuanzia 1929 kwamba kile kitu cha manjano kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka (Kilatini corpus luteum, "mwili wa manjano") kinatoa homoni inayoiandaa nyumba ya uzazi. Wakaiita "progestin": pro, kwa ajili ya, na gestare, kubeba, yaani kubeba mimba. Mwaka 1934 makundi manne yaliitoa ikiwa safi, karibu kwa wakati mmoja. Kundi la Slotta kule Breslau lilitaka iitwe "luteosteron", luteo ikiwa ni hiyo rangi ya manjano.

Kitu kimoja, majina mawili, na vipimo vya nguvu yake vilikuwa vinatakiwa kusawazishwa kimataifa. Kwenye mkutano wa London mwaka 1935 wakapatana: kichwa cha progestin, mkia wa luteosteron. Gest inaishia na "st", steron inaanza na "st", zikalaliana. Kwa hiyo kwenye faharasa yako andika "pro + gest + (luteo)steron" na mabano yaonyeshe kilichomezwa. Usiikate kwa vistari, maana popote utakapokata utaumiza upande mmoja.

Kortisoni imebanwa zaidi. Ilikuwa "kitu E" kwenye maabara ya Kendall, kisha Kendall na Hench wakalifupisha jina refu la kortikosteroni mwaka 1949 kupata kitu kinachotamkika. Cortex ni gome, hapa gome la tezi iliyoko juu ya figo. "Ster" imekatwa ikabaki "s" peke yake.

---

Tone_Moja

Kwa hiyo kanuni ni rahisi: -oni ina ketoni, -oli haina ketoni ila ina alkoholi. Kortisoni ina ketoni, kortisoli haina. Imeisha hiyo.

---

Famasi_ya_Zamu

Haijaisha mkuu, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Kortisoli ina ketoni mbili, kaboni namba 3 na namba 20 (kila kaboni ya molekuli ina namba yake). Kortisoni ina tatu: 3, 11 na 20. Tofauti yote kati yao iko kwenye namba 11. Kwenye kortisoni pale pana ketoni, kwenye kortisoli pana kundi la alkoholi (oksijeni yenye hidrojeni). Mkia wa jina unazungumzia kona hiyo moja iliyobadilika, hauelezi molekuli nzima.

Estroni na estradioli ni hivyo hivyo, ila kona yao ni namba 17. Estroni ina ketoni hapo. Estradioli ina alkoholi hapo, na kwa kuwa namba 3 pia ni ya aina hiyo, zinakuwa mbili: "di" + "ol". Estrioli ina tatu, nafasi ya 3, 16 na 17.

Na testosteroni yenyewe ina zote mbili, ketoni kwenye 3 na alkoholi kwenye 17. Mbona haiitwi testosteroli? Kwenye kanuni za kutaja kampaundi, ketoni ina cheo kuliko alkoholi, hivyo ketoni inachukua mkia wa jina na alkoholi inasogezwa mbele kama "haidroksi". Jina la kitaalamu la testosteroni ni 17β-haidroksiandrost-4-en-3-oni. Kortisoli inakiuka hilo kwa sababu ni jina la mazoea, halikutungwa kwa kanuni.

Sasa kwa nini hili si suala la tahajia tu. Kortisoni na prednisoni (dawa ya jamii hiyo hiyo) hazifanyi kazi zikiwa hivyo zilivyo. Ini linaigeuza ketoni ya namba 11 kuwa alkoholi, na hapo ndipo unapata kortisoli na prednisoloni, zinazofanya kazi. Matokeo yake:

– Ini likiwa limeharibika vibaya, prednisoloni huchaguliwa badala ya prednisoni, kwa sababu haihitaji kugeuzwa kwanza.
– Kortisoni ikipakwa kwenye ngozi haifanyi kitu, ngozi haiigeuzi vya kutosha. Ndiyo maana krimu ni za haidrokortisoni.
– Kortisoni miligramu 25 inakadiriwa sawa na haidrokortisoni miligramu 20, na hiyo ni sawa na prednisoni au prednisoloni miligramu 5. Mtu akichanganya majina kwa kuwa "yanafanana", anachanganya na vipimo.

Halafu mtego mbaya kuliko yote: haidrokortisoni NI kortisoli. Kitu kile kile, majina mawili. Moja lina "oni", jingine "oli". "Haidro" inasema "kortisoni iliyoongezewa hidrojeni", na ukiiongezea ketoni hidrojeni mbili inakuwa alkoholi. Faharasa yako lazima iyaunganishe hayo mawili kwa "tazama pia", la sivyo msomaji atadhani ni dawa mbili.

---

Ndimi_Mbili

Nashukuru nimekuta mjadala umepamba moto. Mimi nina la Kiswahili, maana tahajia yetu inaongeza mitego ambayo wenzetu hawana.

Tone_Moja akisema "-oni ni ketoni" inabidi aulizwe: -oni ipi? Mikia miwili tofauti ya kigeni ikifika kwetu inavaa nguo moja. Kuna "-one" ya ketoni, na kuna "-on" ya elektroni, protoni na neutroni, ambayo haina uhusiano wowote na ketoni. Sisi tunaandika zote "-oni". Mfano unaouma ni silikoni. Elementi yenyewe, ile ya vifaa vya elektroniki, na ule mpira laini wa kuzibia mapengo, kwa Kiswahili vyote ni silikoni, wakati Kiingereza kinavitofautisha kwa herufi ya mwisho. Na huo mpira ulipewa "-one" na mwanakemia Kipping kwa sababu aliona fomula yake inafanana na ya ketoni. Haikuwa ketoni. Kwa hiyo hata wenyewe wamewahi kukosea kwa mkia huo.

"Homoni" ni mtego wa pili. Ina "-oni" lakini si ketoni. Starling alilitumia mwaka 1905 kwenye mihadhara yake London, kutoka kitenzi cha Kigiriki cha kuchochea, kusukuma kitu kianze kwenda, na hiyo "on" ni ya sarufi ya Kigiriki, umbo la "kinachochochea". Insulini ni homoni, wala haina ketoni ya jina wala sterol. Ni protini, na jina lake ni insula, kisiwa, kwa ajili ya visiwa vya Langerhans kwenye kongosho. Tena kwa kuwa Kiswahili kimeidondosha "r", wapo wanaodhani "homoni" imeanza na "homo" ya "sawa". Haihusiani.

Kuhusu "-oli": tusiidondoshe. Mtaani watu wanasema "kolestro", na magazetini utakuta "lehemu", ambayo asili yake ni madini ya kuungia bati. Sina ugomvi na mazungumzo, na lehemu ni picha nzuri ya kitu kinachoganda. Ila kwenye faharasa ya asili ya maneno, "kolestro" imekata "l" ya alkoholi, na "lehemu" imeifuta "ster" yote, wakati hiyo "ster" ndiyo uti wa mgongo wa nusu ya maneno yako. Andika kolesteroli, halafu hizo nyingine zitajwe kama visawe.

Herufi ya "g": projesteroni, estrojeni, kwa "j", kama oksijeni na hidrojeni. Ukiamua "progesteroni" kwa kufuata Kilatini, basi uamue hivyo hadi mwisho wa kitabu.

---

Mhariri_Faharasa

Famasi na Ndimi, mmenipa kazi ya wiki nzima, asanteni. Hiyo "estro" yenyewe imetoka wapi? Na kuna njia ya kusoma jina refu kama dehidroepiandrosteroni bila kupotea?

---

Jabali_la_Lugha

Estro: Kigiriki oistros, pange, yule nzi mkubwa anayeuma ng'ombe hadi wanakimbia ovyo. Baadaye neno likawa na maana ya wazimu, kisha likatumika kwa kipindi cha joto cha wanyama wa kike. Estrojeni ni "kinachozalisha kipindi hicho". Halina uhusiano na mwanamke kama mwanamke, wala na ovari. Kwa hiyo usiandike "estro = ya kike", kosa hilo nimeliona mara nyingi.

---

kaboni_19

Majina marefu yasomwe kuanzia nyuma kuja mbele.

Anza na mkia: -oni, -oli, -dioli, -dioni. Huo unakupa kundi kuu la kikemia. Kisha tafuta kiunzi. Hapa kuna hesabu ya kaboni ambayo inafaa kukaa kichwani: "estr" ni kaboni 18, "andr" ni 19, "pregn" ni 21, "kolest" ni 27. Mwili unaanza na kolesteroli yenye 27 na kupunguza, hauongezi. Halafu malizia na viambishi vya mbele, kila kimoja ukiuliza kimeongeza au kimepunguza nini.

Dehidroepiandrosteroni basi: "on" ketoni (hapa iko namba 17, si 3 kama ya testosteroni), "ster" ukoo wa sterol, "andr" kaboni 19. Umeshapata androsteroni. "Epi": kundi la alkoholi la namba 3 limegeuzwa upande wa pili wa molekuli. "Dehidro": zimetolewa hidrojeni mbili, pakabaki bondi mbili kati ya kaboni ya 5 na ya 6. Basi, hakuna cha ziada.

Viambishi vitakavyokudanganya ni vitatu. "Epi" ya epiandrosteroni ni ya kugeuza upande, lakini "epi" ya epinefrini ni "juu ya", juu ya nefros, figo. (Epinefrini ni adrenalini, ad na ren ni "karibu na figo" kwa Kilatini. Tezi ile ile imetajwa kwa lugha mbili.) "Oksi" ya oksitosini si oksijeni, ni Kigiriki oxys, kali au haraka, na tokos, kuzaa: uzazi wa haraka. Na "nor": kwenye 19-nortestosteroni inasema kaboni ya 19 haipo, kwenye noradrenalini inasema nitrojeni imekosa kaboni yake moja. Zote mbili ni "adrenalini au testosteroni iliyopungua", ila kilichopungua na mahali kilipotoka si pamoja.

---

Famasi_ya_Zamu

Nyongeza ndogo kwa upande wa dawa. Shirika la Afya Duniani linagawa mashina ya majina: "gest" kwa dawa za jamii ya projesteroni, "estr" kwa estrojeni, "ster" kwa zile za jamii ya testosteroni. Kwa hiyo levonorgestreli (dawa ya kuzuia mimba) ukiona "gest" unajua jamii yake kabla ya kufungua kijitabu. Lakini usishike "ster" peke yake: finasteridi inaishia "-steridi", na kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa dihidrotestosteroni. Si homoni.

---

Mhariri_Faharasa

Naweka rasimu, mnikosoe:

"Testosteroni: homoni ya jamii ya sterol. Jina lilichapishwa 1935 (Laqueur na wenzake, Amsterdam) kwa kufuata mfano wa androsteroni (1931). Kilatini testis, korodani, + ster, kutoka kolesteroli, + -on, mkia wa ketoni."

"Projesteroni: homoni ya mwili wa manjano wa ovari. Jina la mapatano, London 1935: progestin (Kilatini pro, kwa ajili ya, + gestare, kubeba) + luteosteron."

"Aldosteroni: kutoka Kiarabu al + do + steroni."

Hiyo ya tatu sina hakika nayo.

---

Ndimi_Mbili

Mbili za kwanza zimekaa vizuri. Kwenye ya kwanza badilisha "jamii ya sterol" iwe "steroidi". Hatukuruhusu neno hilo kwenye asili ya jina, ila kwenye maana ya leo ndilo sahihi. Testosteroni siyo sterol.

---

kaboni_19

Ya tatu futa. Ni "ald" ya aldehidi (kama ketoni, ila kaboni yake ina hidrojeni upande mmoja) + o + steron. Mwanzoni, 1953, Simpson na Tait waliiita elektrokortini, kwa sababu inaongoza chumvi mwilini. Umbo lake lilipojulikana likaonekana lina kundi la aldehidi kwenye kaboni ya 18, jambo lisilo la kawaida kwa homoni za ukoo huu, na mwaka 1954 jina likabadilishwa. Huyo Mwarabu wako yumo kwa mbali sana, lakini hayuko ulikomweka: "aldehidi" ni kifupi cha Kilatini cha alkoholi iliyopunguziwa hidrojeni, na "al" iliyomo ni ya neno alkoholi.